Kisigino na Kilele: Siku Kumi na Mbili Katika Milima ya Magharibi ya Marekani

Safari hii ilizaliwa na ubishi wa mezani. Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu na ambaye ameishi Aurora, pembeni mwa Denver, kwa muda mrefu kiasi cha kuiona Colorado kuwa mali yake, alitamka kwamba ukiacha Alaska, hakuna jimbo la Marekani linalostahili kuitwa jimbo la milima isipokuwa lake. Mimi nimekulia Marangu, chini ya Kilimanjaro, na mtu wa Marangu hawezi kunyamaza milima inapotajwa. Nilimjibu kwamba mlima haupimwi kwa kilele peke yake, na kwamba kabla ya kuusifu ni lazima uulize unaanzia wapi. Mwezi wa Julai tulipopata likizo pamoja, tulipakia gari na kununua daftari moja lenye safu tatu: kisigino, yaani kimo cha mahali tunaposimama chini ya mlima, kilele, na tofauti kati ya hivyo viwili.

Siku ya kwanza: Denver hadi Leadville

Denver yenyewe iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Arusha, na alama ya kimo hicho imechongwa kwenye ngazi za jengo la bunge la jimbo. Jambo la ajabu ni kwamba huko bado ni tambarare. Mahali pa chini kabisa katika Colorado nzima, pale mto Arikaree unapotoka kuingia Kansas, pana kimo cha mita 1,011, na hapo pako juu kuliko vilele vya juu kabisa vya majimbo 18 ya Marekani. Shemeji aliisoma takwimu hiyo kwa sauti kama wakili anayefungua kesi. Niliiandika, lakini nikamwambia kwamba ameanza kunisaidia mimi, kwa sababu sakafu ikiwa juu kiasi hicho, nyumba itaonekana fupi.

Barabara Kuu namba 70 inapanda kuelekea magharibi hadi kwenye handaki la Eisenhower, lililofunguliwa mwaka 1973 katika kimo cha takriban mita 3,400. Handaki hilo linapita chini ya mgawanyo wa maji wa bara: mvua inayonyesha upande wa mashariki huishia Ghuba ya Meksiko, na ile ya magharibi huelekea mto Colorado na upande wa Pasifiki. Tulifika Leadville saa kumi jioni. Mji huo wa zamani wa wachimba madini uko karibu mita 3,100 juu ya bahari, na kubeba mkoba hadi ghorofa ya pili kulitosha kutukumbusha hivyo.

Siku ya pili: Mlima Elbert

Elbert ndio mlima mrefu kuliko yote katika safu ya milima ya Rocky: mita 4,401. Jirani yake Massive umepungukiwa na mita chache tu, na inasimuliwa kwamba wapenzi wa Massive waliwahi kurundika mawe juu ya kilele chao ili uupite Elbert, na wapenzi wa Elbert wakaenda kuyabomoa. Nilifurahi kujua kwamba ubishi wetu una ukoo.

Tulianza kupanda saa kumi na moja alfajiri. Njia inapita katika misonobari hadi mpaka wa miti, ambao huku uko kwenye mita 3,500 na zaidi, kisha inatokea kwenye nyasi fupi na kokoto. Mwezi wa Julai kila mpandaji wa Colorado huambiwa kwamba ikifika saa sita mchana awe amekwisha kuanza kushuka, kwa sababu mawingu ya radi hujikusanya mchana na mgongo wa mlima hauna pa kujificha. Saa nne tulikuwa kwenye takriban mita 4,000. Wingu la kwanza lilikuwa limekwisha kuota kichwa upande wa magharibi, na shemeji alikuwa ameshika paji la uso kwa maumivu. Tulishuka. Sikuona haya, kwa kuwa nimewaona watu wenye nguvu kuliko sisi wakirudishwa na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa sababu ndogo zaidi.

Nilichokiona kabla ya kushuka ni hiki: pande zote palikuwa na vilele vinavyolingana na tulipokuwa, kimoja nyuma ya kingine, kama migongo ya ng'ombe zizini. Colorado ina zaidi ya vilele 50 vinavyovuka futi 14,000, yaani mita 4,267, ilhali California ina takriban 12, na Washington ina mlima mmoja tu. Wingi huo unatokana na ukoko wa dunia uliokunjwa na kuinuliwa zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, na baadaye eneo zima, milima pamoja na tambarare zake, likabaki juu. Hapa mlima mmoja haukushangazi kwa kuwa umezungukwa na ndugu zake. Hesabu ya Leadville hadi kilele cha Elbert ilikuwa mita 1,300. Shemeji alipinga, akataka tuhesabu kuanzia maziwa ya Twin Lakes, yaliyo chini zaidi upande wa kusini, kwenye mita 2,800 hivi. Nikampa: mita 1,600. Hapo ndipo tulipoafikiana kwamba kisigino kinaweza kuchaguliwa popote, mradi kisiwe zaidi ya kilomita 30 kutoka kileleni.

Siku ya tatu na ya nne: Utah

Siku nzima ya tatu ilikuwa ya usukani. Korongo la Glenwood ni zuri, na mabonde ya mawe mekundu baada ya kuingia Utah ni mazuri zaidi, lakini hayo ni makorongo, si milima, kwa hiyo nayaacha.

Asubuhi ya nne tulikuwa Provo, na nilipotoka nje nilielewa jambo ambalo Colorado haikuwa imenionyesha. Safu ya Wasatch haina vilima vya kutangulia. Mtaa unaisha, ukuta unaanza. Mlima Timpanogos una mita 3,582 tu, zaidi ya mita 800 chini ya Elbert, lakini Provo iko kwenye mita 1,387, hivyo mlima unainuka karibu mita 2,200 mbele ya macho ya mtu anayenunua mkate. Sababu ni ufa: ukoko umekatika chini ya safu hii, upande wa mashariki ukapanda na upande wa magharibi, ilipo miji, ukashuka. Kilele cha juu kabisa cha Utah, Kings Peak chenye mita 4,123, hakiko hapa bali katika safu ya Uinta, ambayo imelala kutoka mashariki hadi magharibi, kinyume na desturi ya safu nyingi za nchi hii. Kwa kuwa nyayo zake ni ndefu na za taratibu, ni watu wachache wanaokifahamu, wakati Timpanogos unajulikana na kila mtoto wa shule.

Ukitazama kwa makini kwenye miteremko ya Wasatch utaona mistari iliyonyooka, kama alama ya maji kwenye mtungi. Ni fukwe za ziwa Bonneville, lililofunika sehemu kubwa ya Utah wakati wa zama za barafu likiwa na kina cha zaidi ya mita 300. Ziwa Kuu la Chumvi ni mabaki yake tu. Halina mto unaotoka. Maji huondoka kwa njia ya mvuke, na chumvi hubaki.

Siku ya tano: Baker, Nevada

Mwulize mtu yeyote ni jimbo gani lenye safu nyingi za milima, hatataja Nevada. Hata hivyo Nevada ina zaidi ya safu 300 zenye majina. Barabara namba 50 inakuvusha bonde tupu, halafu safu, halafu bonde tupu jingine. Mwanajiolojia Clarence Dutton, katika karne ya 19, alizifananisha safu hizi kwenye ramani na jeshi la viwavi wanaotambaa, na baada ya kuitazama ramani sikupata mfano bora zaidi.

Asili yao ni kuvutwa. Eneo lote kati ya Wasatch na Sierra Nevada limenyooshwa kuelekea mashariki na magharibi, ukoko ukakatika vipandevipande. Baadhi ya vipande vikainama na kubaki juu kama milima, vingine vikazama na kuwa mabonde. Msafiri aliyewahi kupanda basi kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam, milima ya Upare ikiwa mkono wake wa kushoto na nyika mkono wa kulia, ameona tayari jamaa wa milima hii: vipande vya ukoko vilivyoachwa juu na nyufa zilizovizunguka. Tofauti ni kwamba sisi tuna Upare na Usambara, nao wamerudia kazi hiyo hiyo mara mia tatu.

Wheeler Peak, wenye mita 3,982, unasimama juu ya kijiji cha Baker kilicho kwenye mita 1,620. Tofauti ni mita 2,360, nayo ilimpita Elbert kwa mbali. Shemeji alitazama daftari kwa muda, kisha akasema kwamba Baker ina watu wachache mno kuitwa kisigino.

Tulipanda kwa gari hadi karibu mita 3,000, ambako barabara ya hifadhi ya taifa huishia, tukatembea hadi kwenye misonobari mikongwe inayoota juu ya mawe matupu. Mwaka 1964, kabla mlima huu haujawa hifadhi, mtafiti mmoja alipewa kibali akakata mti hapa, na walipohesabu duara za shina wakapata 4,862; ulikuwa miongoni mwa viumbe wakongwe kuliko vyote vilivyojulikana. Miti hii huishi muda mrefu kwa sababu mahali pake ni pabaya: baridi, upepo na udongo haba huifanya ikue polepole, ikawa na mbao ngumu zisizooza upesi.

Siku ya sita: Ely hadi Bishop

Kati ya Ely na Tonopah hakuna kituo cha mafuta kwa zaidi ya kilomita 250. Tulipanda na kushuka safu moja baada ya nyingine hadi nikaacha kuhesabu. Jioni, karibu na mpaka wa California, shemeji alisimamisha gari ili tuutazame Boundary Peak, kilele cha juu kabisa cha Nevada chenye mita 4,007. Ni heshima yenye dosari, kwa kuwa mgongo ule ule ukiufuata kuelekea kusini, unavuka mpaka na kuwa mrefu zaidi upande wa California. Mstari uliochorwa na wapima ardhi ndio uliowapa watu wa Nevada kilele chao, kisha ukawanyima kile kinachofuata.

Siku ya saba: Lone Pine

Nimeona ukuta wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu mara nyingi, na nilidhani najua maana ya ukuta. Bonde la Owens lilinisahihisha. Upande wa mashariki zipo safu za White na Inyo, upande wa magharibi ipo Sierra Nevada, na katikati ardhi imezama. Whitney, mlima mrefu kuliko yote Marekani nje ya Alaska, una mita 4,421, yaani mita 20 tu zaidi ya Elbert. Hizo 20 ndizo zilizokuwa hoja ya shemeji: "Mita ishirini, shemeji! Mnazi mmoja tu!" Lakini Lone Pine iko kwenye mita 1,136, na kutoka uwanja wa nyuma wa nyumba ya wageni tuliyolala, Whitney unapanda takriban mita 3,285 katika umbali wa kilomita 20. Elbert unatazamwa kama mtu anavyomtazama jirani aliyesimama kwenye kibaraza. Whitney unakulazimisha kuinua kidevu.

Sierra Nevada ni pande moja la graniti lenye urefu wa kilomita 640 hivi, lililoinuliwa upande wa mashariki na kuinama magharibi, kama ubao uliopigiwa kabari upande mmoja. Kazi hiyo haijakwisha. Tarehe 26 Machi 1872 ufa wa bonde hili ulichanika usiku, ukaua watu 27 wa Lone Pine, na kingo ya udongo iliyoinuka siku hiyo bado inaonekana magharibi ya mji. Milima hiyo pia huzuia mvua. Mawingu ya Pasifiki humwaga mzigo wake upande wa pili, na huku kinachofika ni upepo mkavu pamoja na maji ya theluji yanayoyeyuka. Na maji hayo nayo, tangu mwaka 1913, huchukuliwa kwa mfereji hadi Los Angeles, ndiyo maana ziwa Owens likakauka.

Siku ya nane: Badwater

Tuliondoka saa nane usiku ili tufike Badwater, katika Bonde la Mauti, kabla ya jua. Katika eneo hili, tarehe 10 Julai 1913, kulipimwa joto la nyuzi 56.7 za Selsiasi, nasi hatukutaka kuwa mashahidi wa siku inayofanana na hiyo. Kulipopambazuka tulikuwa tumesimama juu ya chumvi nyeupe, mita 86 chini ya usawa wa bahari, na hewa ilikuwa tayari ya moto kama pumzi ya tanuri la mkate. Ukigeuka nyuma, juu kabisa ukutani mwa jabali pamebandikwa kibao kidogo kinachoonyesha mahali ambapo bahari ingefika.

Ukitazama magharibi, ng'ambo ya chumvi, unaona Telescope Peak. Una mita 3,366 tu, na Colorado mlima wa kimo hicho hauna anayeuliza jina lake. Lakini kisigino chake kiko chini ya bahari, na tofauti ni mita 3,450, zaidi ya ile ya Whitney. Jua lilipogusa kilele, sisi bado tulikuwa gizani, na mwanga ulichukua muda mrefu kuteremka hadi miguuni petu. Shemeji aliandika namba hiyo kwa mkono wake mwenyewe, bila kuambiwa. Saa mbili asubuhi tulikuwa tumekwisha kuondoka.

Siku ya tisa: Kuvuka Sierra

Tulipanda Tioga, njia ya mita 3,031 ambayo hufungwa na theluji kila majira ya baridi, tukapita Yosemite na kuteremka magharibi. Mteremko ni mrefu na wa taratibu, na kabla ya kufika bondeni breki zetu zilikuwa zinanuka. Ukiutazama mlima huu kutoka mashambani ya California huwezi kuamini kwamba ni ule ule wa Lone Pine. Wanafunzi wanaojifunza maana ya mlima ulioinama wangeonyeshwa pande hizi mbili tu, ingetosha.

Siku ya kumi: Shasta

Kaskazini mwa California mambo yanabadilika. Safu inaisha na badala yake milima inakuja mmoja mmoja. Shasta, wenye mita 4,322, ni volkano iliyokaa peke yake, na theluji yake tuliiona zaidi ya saa nzima kabla ya kuifikia. Mji ulio chini yake uko kwenye takriban mita 1,100, kwa hiyo tofauti ni mita 3,200 hivi. Nilikaa kimya njiani, na shemeji, ambaye ananifahamu, aliniuliza kama nimekumbuka nyumbani. Nilikubali. Milima ya kukunjwa na ya kuvunjika niliisoma darasani, lakini mlima uliojijenga wenyewe kwa moto juu ya tambarare nimeulalia mgongoni.

Siku ya kumi na moja: Oregon

Siku ilikuwa ya mvua na hatukuona kilele hata kimoja kati ya volkano za Cascade zilizopangana upande wetu wa kulia. Volkano hizi zinatokana na bamba la sakafu ya bahari linalozama chini ya bara. Miamba huyeyuka kule chini, kisha hupanda. Tulivuka mto Columbia usiku, na mbele yetu, gizani, ulikuwepo Mlima St. Helens, ambao tarehe 18 Mei 1980 ulilipuka, ukaua watu 57, na kimo chake kikapungua kutoka mita 2,950 hadi 2,549 asubuhi moja.

Siku ya kumi na mbili: Rainier

Tuliamkia Tacoma, na mawingu yalikuwa yameondoka. Kule Marangu mama yangu hutoka uani alfajiri, akatazama juu na kusema, "Leo mlima umefunguka." Mwenyeji wa nyumba tuliyofikia alitoka na kikombe chake cha kahawa, akatazama kusini-mashariki, akasema kwa Kiingereza maneno yenye maana hiyo hiyo.

Rainier una mita 4,392. Kwa namba hiyo ni mfupi kuliko Elbert kwa mita tisa, na hiyo ndiyo sentensi ambayo shemeji alikuwa ameitunza tangu Denver. Hakuitumia. Tulikuwa tumesimama ufukweni, miguu yetu kwenye kimo cha sifuri, na mlima ulikuwa umejaa upande mzima wa anga ukiwa mweupe kuanzia katikati, bila ndugu wa kuupunguza wala sakafu ya kuubeba. Kwa kanuni yetu, Tacoma haikukubalika kuwa kisigino, kwa kuwa iko karibu kilomita 70 kutoka kileleni. Tuliendesha hadi Longmire, ndani ya hifadhi, kwenye mita 842. Kilele kiko kilomita 12 hivi kutoka hapo. Tofauti: mita 3,550, kubwa kuliko zote za daftari.

Paradise, juu zaidi, kulikuwa bado na theluji mwezi wa Julai kando ya maegesho. Majira ya 1971 hadi 1972 ilianguka hapa theluji ya mita 28.5. Hakuna mlima mwingine wa Marekani nje ya Alaska wenye barafu nyingi hivi, na kutoka pale tulipokaa kula tulisikia kipande chake kikivunjika na kuporomoka mahali tusipopaona. Nilitoa kalamu nikaongeza mstari wa mwisho: Moshi, takriban mita 900; Kibo, mita 5,895. Shemeji alinyang'anya daftari, akaukata mstari huo kwa maelezo kwamba mashindano yalikuwa ya majimbo ya Marekani, na kwamba mtu hawezi kuleta mama yake kwenye mashindano ya wapishi. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaandika "Wyoming" juu yake, na kuniuliza kama tunaweza kurudi kwa njia ya Teton, kwa sababu amesikia kwamba nayo haina vilima vya kutangulia.